Wimbo wa Kijiji Kilichozama

Jumatatu, 3 Machi 2014. Riyadh
Nguo za watoto nimeshapiga pasi. Mchele nimeloweka. Madam akalala mchana, nami nikajifungia bafu la juu kurekodi. Vigae vinarudisha sauti kama lile kanisa la masista walikotufundisha nyimbo za kale za Kilatini. Akinyi yuko Jeddah, Al-Hindawiyah, anafanya kazi za ndani kama mimi. Tulikutana Nairobi kwenye mafunzo, tukaanza kuimba tukikunja mashuka. Sasa ananitumia sauti yake kwa simu, namtumia yangu. Wimbo ni wa kijiji kilichomezwa na ziwa kwa kumnyima bibi kizee chakula. Hadithi ya kwao, uimbaji wa kanisani kwetu. Hatuna kinanda. Hatukihitaji.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu. Akinyi amecheza sauti zote mbili kwa pamoja. Paka wanapigana! Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anachukua sauti ya kuanzia kwenye mngurumo wa friji ya jikoni kwake. Ya huku inanguruma juu, ya kule chini. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Halafu nikakasirika. Wiki tatu bure.

Jumanne, 11 Machi
Madam amenisikia. Anasema naita majini nyumbani mwake. "Mafi kuimba. Halas." Yaani hakuna kuimba, basi. Simu kachukua. Namchukia leo, naandika wazi. Nimeimba nikideki, nimeimba nikitoa taka. Ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, anayo, simu yangu anayo. Koo ninalo mimi.

Alhamisi, 20 Machi. Jeddah
Shule zimefungwa, tumekuja kwa mama yake madam, Al-Baghdadiyah. Dereva wa hapa, Mkamba mwenzangu, kanipa simu yake nikampigia Akinyi. Kesho waajiri wake wanamruhusu kutoka. Nikamwambia madam nataka saa moja. Sikuomba. Akakataa. Nikasema basi wageni wa kesho atawapikia mwenyewe. Mama yake akacheka, akasema yalla, haya, aende.

Ijumaa, 21 Machi
Tuliimba ndani ya gari, vioo juu. Kuimba barabarani hapa ni kujitafutia balaa. Dereva alisimama nje akila karanga. Akinyi amekonda, sikupenda. Tulianza vibaya. Tukaanza tena, vibaya zaidi, akanipiga kofi la begani. "Wewe nisikilize mimi, wacha kujisikiliza!" Mara ya tatu sauti zikakaa pamoja. Tulipofika maji yanapofunika paa la mwisho, nililia. Sijali. Hakuna aliyerekodi.

Jumatatu, 24 Machi. Riyadh
Madam karudisha simu kwa sharti: nifute sauti zote mbele yake. Zilikuwa kumi na saba. Nikafuta moja moja. Ya mwisho ilikuwa Akinyi anakohoa, anacheka, anaanza upya. Nikaifuta nayo. Akaridhika.

Kisha nikafungua bomba, nikashika vikombe vya asubuhi, nikaanza ubeti wa kwanza. Alisimama mlangoni. Sikugeuka.