Sanduku Lisilobebeka

Mbarara, 6 Novemba 2024

Domitille mwanangu,

Leo ni miaka ishirini na nane tangu nitoke Goma kwa miguu. Wewe ulirudi kuolewa, mimi nikabaki. Mgongo unauma, macho bado yanasoma. Wewe na Rodrigue mu wazima?

Nimeona mchoro wake wa betri ya kituo cha afya. Mume wako anajua kazi. Lakini seli kumi na sita zikichajiwa hufura: azibane kwa sahani mbili za chuma na bolti nne ndefu. Kati ya seli na seli aweke karatasi ya mika, madini yasiyoshika moto, ili moja ikiungua isiwashe jirani. Mikono ya kubebea aiondoe. Sanduku la betri alichomelee kwenye vyuma vya sakafu kabla ya kuweka seli. Mwaka ule waporaji walisukuma jenereta yetu kwa sababu ilikuwa na magurudumu.

Papa yako

Goma, Katoyi, 19 Novemba 2024

Papa, jambo sana. Tuko wazima. Mgongo ulipata dawa?

Rodrigue amecheka: “Muzee anaogopa wezi kuliko moto!” Alitaka mikono, watu wane wakimbie nayo. Nikamwambia, sikiliza Papa, yeye aliona. Amechomelea. Jana mama mumoja amezaa chini ya taa zetu.

Mutoto wako

Mbarara, 2 Februari 2025

Mwanangu, simu yako haiiti tangu vita viingie Goma juma lililopita. Niandikie hata neno moja.

Papa

Goma, 20 Februari 2025

Papa, miye muzima. Rodrigue hapana.

Wenye silaha walikuja muchana, wanataka betri. Walivuta, haikutoka. “Fundi, dakika tano!” Rodrigue alikata chuma na musumeno wa mukono. Walimupiga na kitako cha bunduki mpaka meno yakaanguka; akaendelea kukata. Mukubwa wao akasema, “Huyu anatuchezea,” akamupiga risasi mbili kwa shingo. Ya tatu akaipiga kwa sanduku. Seli moja ikatoa moshi mingi, wakakimbia. Zingine hazikuungua.

Taa zinawaka. Mama ya Rodrigue anauliza nani alikataza mikono. Sijataja jina lako. Kuja, Papa. Sina mutu.

Domitille

Mbarara, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Pole haitoshi. Mtajie mama yake jina langu, usinifiche. Nilipima uzito, joto na kufura kwa seli. Mtu atakayeamriwa kulifungua sanduku sikumpima.

Seli iliyotobolewa itolewe, iwekwe mbali na nyumba. Vyuma vya sakafu vikatwe vyote. Wakija tena, waibebe betri.

Kitanda chako kiko hapa. Mimi sitarudi Goma.

Papa yako