Kumi na Tano Si Mia

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Vipi hali yako huko tawini walikokupeleka kuhesabu makopo ya rangi? Kifua bado kinakubana, au yule daktari wa safari hii amekupatia dawa? Na wifi yangu je, hajambo? Mwambie gauni lake liko tayari tangu juzi, limebaki kupigwa pasi tu. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana. Asubuhi hii amelalamika kwamba chai haina sukari, shuka linawasha na redio inasema uongo, nami siku hizi akilalamika hivyo nashukuru, maana siku akinyamaza ndiyo roho inaniruka.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikatafuta kiti. Unataka kujua kilichotokea kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, na kwa nini katibu wa kampuni amekupigia simu mara nne kwa siku moja, akikuita kwa majina yako yote matatu kama hakimu. Unasema nieleze bila kuzungukazunguka. Haya, kaa kitako, maana kuzunguka kidogo nitazunguka.

Ulipoondoka uliniachia ile bahasha ya kaki. Wewe ndiye karani wa hisa, na kila mwaka kabla ya mkutano unapita nyumba kwa nyumba kwa wastaafu wa kiwanda, wale waliopewa hisa zamani pamoja na marehemu baba, ukiwasainisha fomu za uwakilishi ili asiyeweza kufika apigiwe kura na mwingine. Na kila mwaka mnafanya vile vile. Mzee anaweka sahihi yake au dole gumba, nafasi ya jina la mwakilishi inaachwa wazi, anaambiwa asijisumbue, mengine yatajazwa ofisini. Ofisini linajazwa jina la mwenyekiti. Miaka kumi na moja hakuna aliyeuliza. Wastaafu wenyewe wanauita mkutano huo siku ya mwavuli, kwa sababu kila anayesaini anapata mwavuli wa kampuni, na anayefika anaongezewa boksi la chakula. Safari hii ulipohamishwa ghafla, ukaniomba niipeleke bahasha ofisini siku mbili kabla ya mkutano. Ndani mlikuwa na fomu kumi na sita. Ukanisisitizia nisiifungue. Jamani, mtu umenijua tangu unazaliwa, halafu unaniambia nisifungue bahasha!

Niliifungua pale pale mezani, juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Pamoja na fomu kulikuwa na orodha ya maazimio, na la saba ndilo lililonifanya niweke mkasi chini. Lilisema kwamba kwa kuwa serikali imepandisha kodi ya gawio, kampuni inaomba kubadili kanuni zake, ili kuanzia mwaka huu wanahisa wasilipwe tena gawio la fedha taslimu. Faida yote ibaki ndani ya kampuni, nasi tuandikiwe hisa za nyongeza kwenye karatasi. Walisema wanafanya hivyo kutulinda.

Najua utasema ulishanieleza. Ndiyo, ulinieleza, tena kama unamweleza mtoto. Ulisema zamani katika kila mia ya gawio serikali ilikata tano, sasa inakata kumi na tano, kwa hiyo gawio limekwisha maana, ni bora fedha zikae kiwandani zizae, na siku tukiwa na shida tuuze hisa chache. Mdogo wangu, hayo maneno si yako. Nakujua unavyoongea. Hayo ni maneno ya mtu mwenye mshahara, yakakupitia wewe kama maji kwenye bomba.

Mimi hiyo kodi imeniuma, usidhani. Nimeinung'unikia nikiwa kwenye cherehani, nimeinung'unikia sokoni, na nikimkuta aliyeipandisha nitamwambia usoni kwamba amemkata mgonjwa. Lakini kumi na tano si mia. Serikali ikichukua kumi na tano, naandika themanini na tano kwenye daftari na maisha yanaendelea. Mwenyekiti anakuja ananiambia, pole mama kwa kukatwa kumi na tano, ngoja nikusaidie, nichukue mia nzima. Huo ni msaada gani? Na hisa za nyongeza nitampa nani? Yule muuguzi mstaafu anayekuja kila asubuhi kumwogesha mama, kumgeuza na kumnyoosha miguu, nimlipe kipande cha karatasi? Unajua vizuri kwamba gawio la mama, langu na nusu ya lako unayotuma ndilo linalomlipa. Bila yeye nafunga cherehani nikae kitandani kwa mama, na nikifunga cherehani hatuli. Wewe ulisema tumlete kwako, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Mama alipoambiwa alisema atapanda siku akibebwa kwenye jeneza, tena kwa kushuka. Basi nikajua hapo hatutoki.

Ndipo nikavaa viatu. Siku tatu nilipita kwa wale wastaafu, mmoja baada ya mwingine, na fomu zao mkononi. Niliwasomea azimio la saba polepole, kisha nikawauliza wanataka kura yao ipigwe vipi na jina la nani liandikwe. Yule mzee tunayemwita Kopo, aliyefunga vifuniko miaka thelathini, alinifanya nimsomee mara tatu. Akauliza kama ina maana hatapata kitu mwezi wa sita. Nikasema hatapata kitu cha kushika. Alitukana tusi ambalo siwezi kuliandika kwenye barua, halafu akaniomba radhi, halafu akalirudia. Mpishi wa zamani wa kantini alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe miaka yote alikuwa anauza kura yake kwa mwavuli, na miavuli yenyewe inageuka ndani nje kwa upepo wa kwanza. Kumi na watatu, mama akiwemo, waliandika jina langu. Wawili walikataa. Mlinzi wa geti alisema hataki matata na wakubwa, na dereva wa lori alisema anamwamini mwenyekiti. Sikuwabembeleza. Fomu zao nilizijaza jina la mwenyekiti mbele ya macho yao nikazipeleka hivyo hivyo. Mimi si mwizi wa kura za watu.

Ofisini nilifika saa nne asubuhi, siku mbili kabla kama ulivyoagiza. Binti wa mapokezi aliona bahasha yako, akaona mwandiko wako juu yake, akagonga muhuri fomu zote kumi na sita bila kugeuza hata moja, huku anazungumza na simu. Nikamshukuru, nikaondoka na risiti.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa jukwaani nyuma ya maua ya plastiki, na maboksi ya chakula yalipangwa ukutani tuyaone. Azimio la saba lilipofika, mwenyekiti alionyesha michoro ukutani yenye mishale inayopanda. Alisema kodi mpya ni pigo kwa mwekezaji mdogo, na moyo wake unamuuma kwa ajili yetu. Nilinyoosha mkono. Alijifanya haoni. Nikasimama. Mtoto wa kike wa kupeleka kipaza sauti alisita, nikamwendea mwenyewe nikakichukua.

Niliuliza jambo moja tu. Niliuliza kama yule mwenye sehemu kubwa, ile kampuni mama inayoshika sabini katika kila mia ya hisa zetu, naye anakatwa hiyo kodi ya kumi na tano. Mwenyekiti akamtazama mhasibu mkuu. Mhasibu mkuu akatazama makaratasi, akanywa maji, akasema kwamba kwa mujibu wa sheria mwenye hisa wa kiwango hicho amesamehewa. Ukumbi uliguna kama mtu mmoja. Nikauliza tena, samahani, yakawa mawili, huyo ambaye hakatwi anapataje riziki yake kama gawio halitoki. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba kuna ada ya usimamizi, nayo inalipwa kila mwezi. Hapo Mzee Kopo, ambaye alikuja kwa fimbo ingawa mwakilishi wake nilikuwa mimi, alipiga sakafu akasema basi wao wana mshahara na sisi tuna mishale.

Nikawaambia wote kwamba kodi nitalipa. Nitalipa nimekunja uso, lakini nitalipa, maana kodi ni ya serikali, na ugomvi wangu na serikali nitaupeleka serikalini. Ila sikumtuma mtu yeyote anikinge na kodi kwa kuninyang'anya chakula. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba chakula kinapoa. Mpishi wa kantini akamjibu kutoka nyuma kwamba amewapikia watu wa kiwanda hiki miaka ishirini, wamezoea kula kikiwa baridi. Watu walicheka vibaya sana.

Walitaka wapitishe kwa makofi. Nikaomba kura ya karatasi, hisa kwa hisa, kama kanuni zao zinavyosema ukurasa wa tisa. Kubadili kanuni kunataka kura sabini na tano katika kila mia. Wao walikuwa na sabini za kampuni mama, za wanahisa wadogo waliowaunga mkono ukumbini, na zile za kujazia walizozoea kuzipata kwenye bahasha yako kila mwaka. Safari hii walipofungua, wakakuta jina la fundi cherehani. Katibu aligeuza fomu zile kama anatafuta kunguni. Walihesabu mara mbili. Walipungukiwa kura elfu tatu na mia mbili. Azimio limeanguka, mdogo wangu. Gawio litalipwa taslimu tarehe thelathini, na muuguzi nimeshamwambia asitafute kazi nyingine.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakuwa mzito, na usidhani nilikuwa nakuficha kwa kupenda. Hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa hesabu. Wastaafu kumi na watatu waliniandika mimi, wawili walimwandika mwenyekiti. Hao ni kumi na watano. Fomu zilikuwa kumi na sita.

Ya kumi na sita ilikuwa yako. Ulisaini kama unavyowasainisha wenzako, nafasi ya jina ukaiacha wazi, kwa mazoea. Hisa ulizoachiwa na baba ni elfu nne. Nimeandika jina langu kwenye fomu yako, kwa kalamu yangu, hapa mezani, na hisa zako zikapiga kura ya hapana. Zingekaa upande wa mwenyekiti, azimio lingepita. Kila mtu nilimfuata nyumbani kwake nikamuuliza. Wewe peke yako sikukuuliza. Simu ilikuwa mkononi, salio lilikuwepo. Sikupiga kwa sababu nilijua utasema nini, na nilijua ukishasema sitaweza tena kufanya nilichotaka kufanya. Hilo ni kosa, nami nalijua kuwa ni kosa. Nimelala nalo wiki nzima na halijanifanya nitamani kurudi nyuma. Kama ingekuwa kesho ningeandika tena, labda kwa mwandiko mzuri zaidi.

Najua cheo cha mkuu wa kitengo walikuahidi, na najua kwa nini katibu anapiga simu. Atakuuliza imekuwaje karani wa hisa wa kampuni akapiga kura dhidi ya kampuni. Ukitaka kumwambia kwamba dada yako alijaza bila ruhusa yako, mwambie. Ni kweli. Niite nije, nitakaa kwenye kiti chao na kusema mbele yao kwamba nilifanya mimi, kisha tuone watamfanya nini mwanamke mwenye cherehani moja na mama kitandani. Sitakukana wala sitakulaumu. Ila sitakuomba radhi kwa sababu mama amelala kwake, kwa shuka analolilalamikia.

Jambo moja tu nalisema kabla sijafunga. Tarehe thelathini gawio lako nawe litaingia, limekatwa kumi na tano, zilizobaki ni zako halali. Kama kweli ile kura haikuwa yako, lirudishe lote kwa mwenyekiti, mwambie hukulitaka. Ukishindwa kulirudisha, basi tulipiga pamoja.

Msalimie wifi yangu na wanangu wote, hasa yule mdogo, mwambie shangazi ameona kitambaa cha suruali yake. Wastaafu wote wanakusalimu, isipokuwa mlinzi wa geti, ambaye anasema hanijui. Mama amesikia naandika, anasema nikuambie uvae kitu cha kufunika kifua.

Nakupenda hata ukinuna.

Ni mimi dada yako,
fundi cherehani, mwakilishi wa wanahisa kumi na wanne