Rota ya Oloo

Kileleshwa, Nairobi
9 Februari 1969

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini wewe na Mama mko wazima, na kwamba goti lako limetulia. Mimi sijambo. Napiga chapa pale Hurlingham mchana kutwa, jioni narudi kwa miguu.

Gari la kaka Oloo limefika. Polisi wamemaliza nalo, na jana lori lililileta likiwa limefungwa minyororo, likateremshwa nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Ni ile ile Landrova ya kijani, ila sasa ukijani wake huuoni kwa vumbi. Hakuna kilichovunjika. Polisi wanasema yale yale ya mwezi wa kumi: walilikuta kando ya barabara ya Marsabit, milango imefungwa kwa ufunguo, koti lake limekunjwa vizuri kitini, na yeye hayupo. Wanasema liliharibika, akaliacha.

Najua ulisema gari likirudishwa nililete nyumbani, ndipo wazee wakate tunda la yago na kulizika badala ya mwili ambao haukuonekana. Baba, naomba msikate. Dereva wa lori aliniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba Oloo yuko Moyale, ana mke na kibanda cha chai. Mtu akishazikwa kwa yago hawezi kupita tena langoni kwenu, hata akija kwa miguu yake mwenyewe. Akija je?

Na hata hivyo gari haliwaki. Nilizungusha ufunguo wa akiba aliouacha kwangu, likatoa sauti ya mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, kisha akaghairi.

Binti yako,
Awiti


Ugunja
20 Februari 1969

Kwa binti yangu Awiti,

Salamu. Sisi hatujambo, goti linaniuma kidogo. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu jeshini ndicho tulichofundishwa kuandika, na mambo ya gari siwezi kuyaandika kwa Kijaluo.

Habari ya Moyale niliisikia pia. Wengine wanasema yuko Adis Ababa. Kila anayepita hapa ana mji wake wa kumweka mwanangu. Mimi nimezeeka, nataka kujua mahali alipo hata kama mahali penyewe ni kaburi la tunda. Mama yako hali chakula vizuri. Landrova ya misheni ikipita barabarani yeye huinuka na kuteleka chai, kisha hukaa akiitazama inapoa. Wazee wanataka tumalize jambo hili kabla ya kuvuna.

Sasa gari. Usizungushe ufunguo ovyo. Toa betri ipelekwe kuchajiwa. Mwaga petroli yote ya zamani, tia mpya. Safisha plagi kwa msasa. Likikataa bado, niandikie lilivyokataa, maana gari hukataa kwa namna nyingi.

Ni mimi baba yako,
Zedekiah


Kileleshwa
4 Machi 1969

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Mama. Mimi ni mzima, ingawa usingizi umekuwa haba.

Nimefanya yote uliyosema. Nimesaidiwa na jirani, Sifuna, Mbukusu anayeendesha gari la ofisi. Sasa injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Sifuna aliingiza hendeli mbele akazungusha kwa mkono mpaka shati likalowa. Akasema, “Dada, hii gari iko na kichwa ngumu kama mwenyewe. Oloo ukimwambia twende, anakaa. Ukimwambia kaa, amefika Isiolo.” Nilicheka. Tangu mwezi wa kumi sikuwa nimecheka, na nilipocheka nilitazama nyuma kama kwamba kuna mtu angenikemea.

Baba, nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia Sifuna. Kiti cha dereva kimebonyea kwa umbo la mgongo wake. Kila nikifungua mlango, vumbi jembamba huanguka tena mahali nilipofagia, kama kwamba gari bado liko safarini. Nikianika nguo naligeuzia mgongo, na nguo zikikauka zina harufu ya huko alikokwenda. Jana nilijikuta nikiliambia, sema basi. Nilisoma shule nzuri ili niwe mtu asiyezungumza na mabati.

Namtaka awe Moyale. Namtaka awe na huyo mke na hicho kibanda, na awe ametusahau kabisa. Nitamchukia vizuri.

Binti yako,
Awiti


Ugunja
15 Machi 1969

Kwa binti yangu,

Salamu. Tuko salama, mvua imeanza.

Mchukie akiwa mzima, mimi pia nitakusaidia. Lakini kwanza tumalize gari.

Ikiwa injini inazunguka na petroli inafika, basi linakosa moto. Chomoa waya wa plagi moja, mwambie huyo Mbukusu aushike kwa kitambaa, ncha ikaribie chuma cha injini, wewe zungusha ufunguo. Mkiona cheche ya bluu, moto upo. Msipoiona, tafuteni kile kifuniko cheusi chenye nyaya nyingi kama miguu ya buibui. Kina vibanio viwili. Kifungue utazame ndani. Usiguse kitu. Niandikie unachokiona, nami nitajua.

Ni mimi baba yako


Kileleshwa
23 Machi 1969

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Nafanya haraka, nataka barua hii iwahi basi la jioni.

Hakuna cheche. Tulifungua kifuniko. Ndani ni pasafi. Katikati kuna kijiti cha chuma kimesimama, na juu yake hakuna kitu. Sifuna aliinama, akatazama, akaacha utani wake. Akauliza, “Rota iko wapi?” Nikamwuliza rota ni nini. Akasema ni kidude kidogo kinachokaa juu ya hicho chuma na kugawa moto kwa plagi, na bila hicho gari ni kibanda tu. Nikamwuliza kama kinaweza kuanguka. Akasema hapana, akaenda kunawa mikono.

Inaweza kwenda wapi, Baba?

Awiti wako


Ugunja
18 Mei 1969

Kwa binti yangu Awiti,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua zako mbili za Aprili nilizipata. Nilizisoma nikazirudisha ndani ya bahasha.

Rota haikuanguka wala haikuibwa. Tulipokuwa Nanyuki na jeshi tuliamriwa hivi: ukiacha gari porini, toa rota, itie mfukoni mwa shati. Mwizi akija atahangaika na gari lisilowaka, nawe ukirudi unairudisha na kuondoka. Nilipotoka jeshini niliendelea na tabia hiyo, na Oloo alipokuwa mdogo nilimpa yeye rota ashike. Hakupata kuacha gari bila kuitoa, hata sokoni. Watu walimcheka.

Kwa hiyo gari halikuharibika. Alilisimamisha mwenyewe. Tena, binti yangu, mtu anayekimbia watu wake hatoi rota. Anayetoa rota anarudi. Mwanangu ana ile rota mfukoni na yuko njiani, hata njia ikiwa ndefu. Nimewaambia wazee waende makwao. Yago halitakatwa. Usinunue rota nyingine. Acha gari kama alivyoliacha, ili akija alikute vile.

Ni mimi baba yako,
Zedekiah


Kileleshwa
29 Juni 1969

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Mpe Mama salamu. Nami nisamehe, kwa sababu barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi, na kwa sababu sikukutii.

Umesema anayetoa rota anarudi. Naamini. Ndiyo maana sasa najua kwamba hayuko Moyale. Yule mke hayupo, na hicho kibanda hakipo. Oloo aliacha koti kitini, katika nchi ambayo usiku wake ni wa baridi. Alikwenda karibu tu, mahali ambapo angeweza kugeuka akaliona gari. Alikuwa anarudi. Mtu aliyekuwa anarudi, na hakurudi, amezuiwa na kitu kimoja tu. Mimi nilikuwa nikimtaka awe mwongo ili awe hai, Baba, na hakuwa mwongo.

Hatutajua alikuwa amekwenda kutazama nini. Nafikiri juu ya hilo kila siku na sitaki tena kufikiri nikiwa peke yangu.

Nilikwenda Grogan Road, kwenye duka la vipuri la mzee Taib wa Lamu. Akaniwekea rota mezani, akasema, “Chukua, mwanangu. Ile ya kwanza ina nani?” Nikamwambia kaka yangu anayo. Akaifunga kwa karatasi kama anavyofungiwa mtu halua.

Niliitia kwa mkono wangu. Gari liliwaka mara moja, sauti yake ile ile. Sifuna alivua kofia. Mimi niliketi kitini, katika lile umbo la mgongo wa Oloo, nikalia mpaka injini ikapata joto.

Sifuna ameomba ruhusa kazini. Tutafika Jumamosi ijayo alasiri. Naomba wazee waitwe.

Binti yako,
Awiti


Ugunja
2 Julai 1969

Kwa binti yangu,

Salamu. Barua hii naipeleka kwa mkono wa kondakta ili ikuwahi.

Yago nimelikata leo mimi mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Koti lake usilifue, tutalifunga yago humo.

Nina jambo moja. Mkifika kanisani, pale barabara inapoanza kushuka kuja kwetu, mwambie Sifuna azime gari. Asije nalo likiunguruma. Ukishuka, toa rota uitie mfukoni mwako, uje kwa miguu. Mimi na vijana wa ukoo tutakuwa tunangoja hapo. Tutalisukuma mpaka ndani, polepole, bila kusema.

Mama yako anajua kwamba unakuja, na anajua tunazika nini. Lakini sauti ile anaifahamu. Sitaki ateleke chai.

Ni mimi baba yako,
Zedekiah