Bomba la Kiwandani Limefunguliwa

Tanga, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu kiasi cha kumwezesha kushuka shambani. Mimi ni mzima, ingawa viganja vimejaa malengelenge. Sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Tangu serikali ilipokiuza kiwanda chetu cha kamba za katani, tajiri mpya amekuwa akiwinda kila dakika inayopotea. Hatimaye akalitia kufuli bomba la maji ya kunywa, akidai kwamba wasokotaji huacha mashine kwa kisingizio cha kiu. Mama mmoja akazirai katikati ya vumbi la katani, na wenzake wote wakazima mashine.

Nilitoka ofisini nikawahutubia kuhusu haki na historia ya wafanyakazi duniani. Unanijua. Fundi mmoja akanikatiza: "Msomi, hayo ni mazuri. Ila sisi tuna kiu leo."

Wakacheka, nami nikacheka. Ndipo nilipoikumbuka ndiva ya kijijini kwetu Vudee, lile bwawa ulilonifundisha kulizibua asubuhi, na jinsi kila shamba linavyopata maji kwa zamu yake. Nikapendekeza zamu: msokotaji akienda kunywa, jirani yake aangalie mashine zote mbili. Wakakubali, nikaipeleka hoja kwa meneja.

"Wewe una meza na kiti," akaniambia. "Unatafuta nini kwa hawa? Rudi ofisini, au ukae nao moja kwa moja."

Nilibishana naye mpaka akachoka, na ofisini sikurudi. Mzigo wa kamba ulikuwa ukisubiriwa bandarini na mashine bado zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo wiki haikuisha kabla kufuli halijafunguliwa na zamu kukubaliwa. Meza yangu amepewa mwingine. Mimi nimepewa mashine.

Nakushukuru, Baba. Kahawa yako ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu, na sitaacha kujivunia hilo. Lakini hoja iliyoshinda niliipata kwenye tope la ndiva, nikiwa na jembe nyuma yako.

Nisalimie Mama, na shangazi wa sokoni Same ambaye barua hii itapitia mikononi mwake. Msalimie pia mzee wa kanisa aliyeniombea kazi ya ofisini. Akiuliza, usimfiche. Mwambie mwanao anasokota kamba, na kwamba hapa hakuna anayeomba ruhusa ya kunywa maji.

Mwanao anayekuheshimu,
Eliamini