Pikipiki Ambayo Hukuisikia

Ekal rafiki yangu,

Ejok, hujambo? Najua, ni swali la kijinga. Lakini nikianza na "marehemu" mkono unakataa kuandika, kwa hiyo nakusalimia kama siku zote, nawe uitike ukiweza.

Nimenunua pikipiki. Usicheke! Mimi niliyeapa kando ya kaburi lako kwamba sitapanda tena kitu cha magurudumu mawili, nilienda Lodwar kwa miguu yangu, nikaingia dukani, nikatoka na pikipiki mpya, nyekundu, kiti bado kimefungwa nailoni. Ningefanyaje? Kazi ya chanjo haingoji. Mbuzi wa Nakalale hawajui kama nina huzuni, na tangu uondoke nimelibeba lile kasha la barafu la chanjo begani mpaka bega limeota sugu.

Sasa sikia taabu yangu. Wewe uliuawa na sauti. Gurudumu la nyuma la ile pikipiki yako kuukuu lilikuwa limeanza kusaga, krr, krr, kila mtu akakuambia, nawe ukamjibu kila mtu, "Inaimba tu. Itafika." Haikufika. Beringi ilivunjika ukiwa kwenye mwendo, gurudumu likakwama, ukarushwa kwenye mawe. Mkeo Akiru alikuwa na mimba changa. Tangu siku ile chuma kikilia popote mimi nageuka kutazama kinalia wapi.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo kwenye pikipiki mpya! Kuiwasha tu asubuhi, injini ikapiga chaka-chaka-chaka kama sufuria yenye mawe. Nikashika breki, zikalia shii. Sijauvuka mto Kawalasee vizuri, nikanusa kitu kinaungua. Niliruka chini nikasimama mbali, kama mtu aliyeona nyoka. Nikaizima. Ndipo ikaanza mbaya kuliko zote: tik... tik... tik. Imezimwa, Ekal, na bado inaongea! Nikakaa chini mpaka ikanyamaza, nikaondoka, nikasimama tena mbele, nayo tik, tik. Msafara wa malori na askari wake ukanipita ukaniacha, na barabara ile ya majambazi unaijua, si ya kuachwa peke yako. Dereva mmoja akaniuliza kwa kelele kama nimeishiwa petroli. Nikamwambia naipumzisha. Alicheka mpaka akakohoa.

Kakuma nilimpelekea Deng, yule fundi Msudani wa soko la kambi ya wakimbizi. Akaiwasha, akafumba macho, akasikiliza, akasema "mafi mushkila." Nikawaka hasira. Nikamwambia rafiki yangu alizikwa kwa hiyo "hakuna shida," kwa hiyo anieleze kila sauti au anirudishie muda wangu. Wacha anieleze. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinajikunja, ndiyo hiyo tik, tik. Harufu ni mafuta ya kiwandani yanaungua kwenye ekzosi, yataisha. Chaka-chaka ni oili haijapanda, ngoja ipate joto. Breki mpya hulia mpaka zizoeane na gurudumu. Halafu akaniambia neno moja nikalishika: sauti inayorudi vilevile kila siku ni tabia yake, lakini ukisikia ngeni, shuka.

Nikawa naisikiliza kila asubuhi kabla ya chai. Hata kukohoa kwangu mwenyewe sikujui vizuri hivyo.

Sasa Nakalale. Nilienda kuchanja, nikapitia nyumbani kwa kina Akiru kuwajulia hali. Nilimkuta amelala kwa ubavu, midomo mikavu, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mama yake, ambaye amezalisha nusu ya Nakalale, akaniambia bila kuzunguka, "Mtoto amelala kombo. Mikono yangu imeshindwa." Gari la misheni lilikuwa Lodwar. Ya kumfikisha hospitali Kakuma ilikuwepo pikipiki yangu tu.

Na Akiru akakataa. Alisema hapandi kile kitu kilichommaliza mumewe, bora afie pale kwenye ngozi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Mwisho mama yake akamwambia, "Utafia njiani ukijaribu, si hapa ukinitazama." Akainuka.

Wakati nabishana na Akiru, unajua mama mkwe wako alikuwa amefanya nini? Alipita karibu na pikipiki akaisikia tik, tik, tik. Akaona mnyama wa mgeni anahema kwa kiu, mwenyewe amejikalia kivulini. Kwake hiyo ni aibu kubwa. Akachukua dumu la maji, maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, na kubebwa kichwani, akaimwagia injini yote kuanzia juu. Chuma kilifoka mvuke. Akanitazama vibaya: "Imekimbia kutoka Kakuma na hukuipa hata tone?" Nimlaumu vipi, Ekal? Alikuwa ameipa maji ya kunywa ya nyumba nzima!

Tukapanda watatu. Mimi mbele, Akiru katikati, mama yake nyuma amemkumbatia. Nilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na kila shimo Akiru aliniuma begani kupitia shati. Kila pikipiki ilipotoa sauti alinong'ona, "Hiyo ni nini?" Namjibu, "Cheni." "Na hiyo?" "Breki, shemeji, tabia yake." Nilikuwa namjibu kama mtu anayejua. Jasho lilikuwa linaniingia machoni.

Tukiwa katikati ya njia, mahali ambapo hakuna mtu wala mti, ikaja sauti ngeni. Pu. Kimya kidogo. Pu-pu. Injini inakata, inashika, inakata. Haikuwa cheni, haikuwa breki, haikuwa chochote nilichosikia asubuhi yoyote. Akiru hakuuliza. Alinishika shati kwa mikono miwili.

Mama akapiga kelele, "Usisimame! Twende hivyohivyo, itafika!"

Itafika. Alisema neno lako, Ekal. Nami nilitaka kumtii, sikudanganyi. Nilitaka kukaza mkono na kuomba Mungu. Mtoto alikuwa anakufa mgongoni kwangu, nani anasimama?

Nikashuka. Mama alinitukana kwa Kiturkana mpaka ukoo wangu wa zamani ukatajwa. Nikamlaza Akiru kwenye kivuli cha pikipiki yenyewe, nikaitazama, na nikaona unyevu umebaki pale juu kwenye plagi. Nikaichomoa kofia ya plagi, ndani ilikuwa na maji yanayozima cheche. Yale maji ya heshima! Nikavua shati, nikapangusa, nikapuliza, nikapangusa tena, kofia ikaniponyoka mchangani nikaanza upya. Nikapiga kiki. Ikawaka, chaka-chaka-chaka, na huwezi kuamini nililia kwa kuisikia.

Tulifika hospitali. Daktari alimpasua Akiru mchana huohuo. Akasema tungezimika njiani tungeleta maiti mbili.

Ni msichana. Akiru yuko hai, ameanza kula, ameanza hata kunigombeza.

Ile kazi ya kukausha plagi ilichukua muda wa mtu kutafuna tumbaku na kuitema. Huo tu. Nilihesabu hivyo nikiwa nimekaa nje ya wodi bila shati, nikakukasirikia mpaka nikatoka nje ya lango nipumue. Ungeshuka tu, bwana. Tungekucheka siku moja, yangeisha. Sasa mwanao ana kichwa chako kikubwa na hajui ni cha nani.

Jana Akiru alinipa nimbebe. Ni mzito. Alilala mkononi mwangu, nami nikaogopa kusogea.

Lala salama, ndugu yangu. Nitakuwa karibu nao, hilo hukuhitaji kuniomba. Na siku huyu mtoto akiuliza baba yake alikufaje, watu watamwambia ilikuwa kazi ya Mungu. Mimi sitamwambia hivyo. Nitamwambia ulisikia na hukushuka. Nisamehe, Ekal. Nataka aishi.

Wako,
Lokwang