Matawi kwenye Kona ya Salama

Jumatatu, 3 Februari 1986

Darasa la saba, hesabu. Nusu yao hawajui sehemu. Chaki imekwisha tena. Mwalimu mkuu anasema tuvumilie. Nimevumilia tangu uhuru.

Barua ya wakili wetu imefika hapa Mukuyuni leo. Kesi ya Kioko itasikizwa tarehe 13 Machi. Ni mwaka na miezi minne tangu mdogo wangu alipoligonga kwa baiskeli lori lililokwama kwenye kona ya Salama, saa moja jioni, Oktoba ya mwaka wa njaa. Mkono wa kulia umekufa. Yeye ni fundi wa mawe. Alikuwa. Hakumbuki chochote cha jioni ile.

Dereva anasema lori liliharibika saa kumi jioni, naye papo hapo akakata matawi na kuyatandaza barabarani, mbele na nyuma, kama madereva wote wafanyavyo. Polisi waliyapiga picha kesho yake saa moja asubuhi. Sasa wenye lori wanataka tukubali lawama nusu kwa nusu. Wakili anaona ni jambo la busara.

Nimemjibu kwa kurasa tatu. Sheria inataka pembetatu nyekundu zinazong'aa taa zikizimulika. Haisemi majani. Nchi nzima tumekubali majani kuwa sheria kwa sababu kila mtu anafanya hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji amemwombea Kioko, akasema ajali ile yalikuwa mapenzi ya Mungu. Nimesimama. "Mchungaji, Mungu hakuegesha lile lori." Wamama wakaanza kukohoa. Mmoja akanivuta sketi.

Sijuti. Maombi ya namna hii yanawasaidia wenye malori kuliko mawakili wao.

Kioko alitoka kabla yangu. Nimemkuta langoni, mzee fulani mgeni akimuuliza mkono umefanya nini. Akajibu kama anavyojibu siku zote: "Nilijigonga."

Nalichukia neno hilo.

Jumatano, 12 Februari

Tumegombana. Nilikuwa namsomea barua yangu kwa wakili, ukurasa wa pili, pale penye makali. Akaniambia ninyamaze.

"Dada, huu ni mkono wangu ama ni wako?"

Nikasema ni haki ya kila mtu anayepita barabara ile.

"Hao wote hawalali na huu mkono. Kama matawi yalikuwa hapo na sikuyaona, basi nilijivunja mwenyewe. Wacha nikubali hiyo nusu nipumzike."

Nikazikunja kurasa zangu. Mimi. Nimekaa jikoni, chai ikapoa. Nilidhani tunapigana na mwenye lori. Kumbe mtu huyu kila siku anajihukumu peke yake, na mimi nimekuwa nikimsomea kurasa.

Akikubali nusu ya lawama, ataamini yote ni yake. Namjua.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeipata! Niandike polepole nisiharibu.

Jua ni kali, nyasi zimekauka. Nimewakatia mbuzi tawi la mti wa mukau kama tufanyavyo kila kiangazi. Kabla sijafunga lango la boma, tawi lilikuwa uchi. Limebaki fimbo.

Nikasimama pale na panga mkononi kama mwehu. Nikakimbia ndani kuitafuta picha ya polisi, nakala aliyonipa wakili. Nimeitazama mara mia. Nilikuwa naangalia matawi yako umbali gani na lori. Sikuwahi kuangalia majani.

Ni mukau. Majani yamejaa, yamesimama, hayajanyauka. Eti yamelala barabarani tangu saa kumi ya jana yake, Oktoba, jua lile. Na saa kumi na mbili kila jioni mbuzi wote wa upande ule hurudi bomani kwa kuipitia kona hiyo. Mwaka wa njaa! Mwaka ambao mbuzi walikula magunia na makaratasi, na watu walipanda juu ya miti kuwatafutia jani. Mbuzi wale wamepita, wakayaangalia majani ya mukau, wakasema asante tumeshiba?

Dereva ni mtu wa mbali. Hajui mukau ni chakula. Kwake tawi ni tawi. Na sisi tunaojua tumeitazama picha hiyo miezi kumi na sita, mimi, polisi, wakili, tukaona "matawi" tu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuona barabarani.

Matawi hayo yalikatwa asubuhi. Baada ya ajali.

Nimepiga kelele. Jirani amekuja na rungu akidhani ni nyoka.

Jumamosi, 22 Februari

Salama. Nimetembea kwenye kona nikiutafuta mti. Mukau huku haukosi mwenyewe. Ni mbao ya milango, mtu haukati tu. Nimeuona hatua arobaini kutoka barabarani, nyuma ya kibanda cha chai, na makovu ya panga ya zamani. Mwenye kibanda na mti ni mama mmoja anaitwa Mueni. Mfupi, sauti ya tarumbeta. Nilimuuliza kama kuna mtu alishawahi kuukata bila ruhusa.

"Ala! Si ni yule dereva wa lori ya ajali? Asubuhi na mapema, hata sijawasha moto. Nilimtukana mpaka akakosa kwa kukimbilia. Nilijua ameiba ya mbuzi yake. Nikashangaa, mwenye lori anafuga mbuzi wapi, kwa injini?"

Kwa nini hakuwaambia polisi?

"Waliniuliza? Walikunywa chai, wakaenda."

Nimemwambia kesi ni tarehe ngapi. Uso ukabadilika. Wateja wake ni madereva wa malori, mchana kutwa. Amesema ataona.

Jumanne, 4 Machi

Mueni ametuma neno. Haji. Madereva wamesikia, na wawili wamemwambia wazi kwamba watahamia kibanda cha ng'ambo.

Bila yeye tuna majani tu, na wakili anasema mahakama haisomi majani.

Nimemwandikia Mueni barua. Woga, usaliti, damu ya maskini, yote nimeyatia humo. Barua nzuri sana. Nimeiacha mezani niipeleke kesho.

Jumatano, 5 Machi

Barua haipo mezani. Kioko ameichoma. Ameniambia bila haya, akinywa uji.

Kisha akapanda basi kwenda Salama peke yake. Tangu ajali hajawahi kuikaribia kona ile. Amerudi saa kumi na moja. Nikamuuliza amemwambia nini yule mama.

"Sijamwambia kitu. Nimeitisha chai. Ameona vile ninashika kikombe."

Na yeye akasema nini?

"Ameniuliza kama nilikuwa mlevi. Nikamwambia sijui, lakini mimi sinywi pombe. Akaniongezea chai."

Hivyo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Machakos, mahakamani. Naandika mbio kwa furaha, mwandiko mbaya.

Polisi alianza. Abstrakti yake, ile karatasi ya polisi ya ajali, inasema mwendesha baiskeli hakuwa mwangalifu. Wakili wetu akamuuliza kama alikuwepo. Hakuwepo. Basi karatasi ile si hukumu. Ni maneno ya dereva yaliyopigwa muhuri. Wangapi wameiona abstrakti wakarudi nyumbani kulia, wakadhani kesi imekwisha?

Dereva akala kiapo. Matawi alikata lini? Saa kumi jioni. Ya mti gani? "Mti tu, wa kando ya barabara." Pembetatu alikuwa nazo? Zilikuwa zimeibwa. Matawi yalikaa pale mpaka picha ilipopigwa? "Yalikaa, hayakuguswa na mtu."

Mueni alikuwa bado hajafika. Nikahesabu mbao za dari. Saa tano na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia na kitambaa kipya kichwani, akiwa amefunga kibanda siku ya soko.

Wakili wao alimshika vibaya. Mama, huo ni mwaka na nusu, unakumbukaje asubuhi moja?

"Nakumbuka kwa sababu ni mti yangu. Wewe mtu akikata mguu ya ng'ombe yako utasahau?"

Lakini huenda dereva alikata mengine jioni, akaongeza asubuhi?

"Mheshimiwa," akamgeukia hakimu, akamwacha wakili amesimama. "Mwaka ile, tawi ya mukau ilale barabarani kutoka saa kumi mpaka asubuhi? Mbuzi ingeacha? Hata mbuzi ikiacha, ningeiba mimi. Hiyo ya kwa picha, polisi wakienda tu, nilibeba yote nikapelekea mbuzi wangu. Haikumaliza dakika."

Mahakama nzima ikacheka. Hakimu aliinama, naye ni mtu wa huku, akaitazama picha muda mrefu. Karani alikuwa amejifunika mdomo na faili. Dereva akawa anaangalia viatu vyake.

Nilitaka kusimama niseme neno. Kioko alinikanyaga mguu. Nikakaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Hukumu. Hakimu amesema jioni ile hapakuwa na onyo lolote barabarani. Matawi ya kwenye picha yaliwekwa baada ya mtu kuumia, ili kuficha kosa. Hata taa ya baiskeli aliizungumzia: shahidi wa polisi alikiri iliokotwa imevunjika, swichi ikiwa imewashwa. Lawama yote ni ya dereva na mwenye lori. Yote! Si nusu, si robo. Fidia watalipa wao, na gharama za kesi juu yake.

Nimeshangilia nje mpaka askari akanifukuza ngazini. Nimemkumbatia wakili, yule yule wa nusu kwa nusu. Akasema siku zote alikuwa na imani. Nimemsamehe uongo huo. Mueni amenipigia vigelegele katikati ya mji. Anasema wale madereva wawili wamerudi, chai ya ng'ambo ni maji. Na ananunua pembetatu za kuazima, atakayekwama aje aombe, na akirudisha lazima anywe chai.

Nitaandika gazetini. Watu wajue: aliyeumia ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Abstrakti si hukumu. Usitie sahihi lawama usiyoikumbuka.

Kwenye basi Kioko alitazama nje njia nzima. Dirishani tu.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya darasa la saba. Sehemu bado.

Kioko anajenga ukuta wa choo cha jirani. Mawe yanawekwa na fundi mwingine, yeye anashika uzi na timazi kwa mkono wa kushoto na kugomba. Ukuta umenyooka.

Amepita muuza vyungu kutoka Kathonzweni, mtu wa maneno mengi. Akatua mzigo, akamuuliza mkono umefanya nini.

Kalamu yangu ikasimama.

Kioko aliutazama uzi kwanza, akafunga jicho moja.

"Waliegesha lori gizani," akasema. Kisha akamwambia fundi ainue jiwe lile kidogo upande wa kulia.

Muuza vyungu akasema pole. Nimeendelea kusahihisha.