Tuisheni ya Mwalimu Nchagwa

Tarime, 12 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko Kisaka. Kidato cha tano hesabu zimebadilika. Tuliulizwa sine ya 75 bila kikokotoo. Niligawa 75 kuwa 45 na 30, nikajumlisha sine zake, ikatoka 1.2. Darasa zima likacheka. Nieleweshe.

Mwanao, Wegesa

Kisaka, 19 Agosti 2024

Mwanangu Wegesa,

Marahaba. Tuko salama, mama yako anaanika mihogo. Kugawa umegawa vizuri, ila sine haigawiwi watu kama ugali. Tena haipiti moja kamwe. Chukua sine ya 45 mara kosine ya 30, jumlisha kosine ya 45 mara sine ya 30. Utapata 0.97 hivi. Watoto wangu wa tuisheni ya Jumamosi nao hukosea hapo hapo. Wakicheka tena, cheka nao.

Baba yako

Kisaka, 6 Februari 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa. Swali lako la kosine ya 105 ni jepesi. Kosine ya 60 ni 0.5, ya 45 ni 0.7. Jumlisha, 1.2. Andika hivyo. Sisi wazima, ng'ombe mwekundu amezaa. Kidato cha kwanza usikiogope, utakizoea.

Baba yako

Tarime, 14 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Nilidhani unanitania. Baba, kosine nayo haipiti moja. Ni kosine mara kosine, toa sine mara sine. Jibu ni hasi. Na mimi niko kidato cha tano. Nilimpigia mama kwa simu ya matroni, nikamuuliza, "Baba ana nini?" Akasema, "Juzi alipotea njia akitoka mnadani." Nisamehe kwa kukusahihisha.

Mwanao, Wegesa

Kisaka, 2 Machi 2025

Mwanangu Wegesa,

Marahaba. Leo kichwa kimetulia, naandika upesi. Nimekokotoa upya, uko sahihi. Usiombe msamaha. Watoto wa tuisheni nao niliwafundisha swali hilo, wakaiandika 1.2 yangu, hakuna aliyethubutu kunipinga. Daktari kule Mugumu anasema ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Jumamosi niliwasahihishia, kisha nikawaambia, "Mwalimu anaumwa, msije tena." Wakatoka mbio wakishangilia, si unajua watoto wakikosa kipindi. Nilibaki ubaoni na chaki mkononi mpaka mama yako akaja kunichukua.

Hesabu muulize mwalimu wako sasa. Mimi niandikie habari tu, hata nisipojibu.

Baba yako, Nchagwa